Mlinzi wa Kizibo

Beatha anasema aliona kwa macho yake mawili, na yuko tayari kushika Biblia. Anasema siku ile ya Alhamisi, siku ya msaragambo wa kuzibua ndiva, kazi ya kijiji kizima, yeye alikuwa kwenye mafiga anawapikia makande watu arobaini. Raheli alikuwa amekaa juu ya ukuta wa ndiva, pembeni ya mti wa kizibo, ule uliochomekwa kuziba tundu la maji. Mwenyekiti wa Maji, Eliufoo, alikuwa ameshuka chini kwenye mfereji, ameinama mbele ya tundu, anang'oa mizizi na kutoa mawe. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, maji ya usiku kucha. Beatha akainua macho kutoka kwenye sufuria, akamwona Raheli amesimama, ameushika mti wa kizibo kwa mikono miwili, anauvuta kwa mwili wote, mgongo umepinda nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe aliyegoma. Mti ukatoka. Maji yakashuka kwa kishindo kama lori linalomwaga kokoto. Eliufoo hakupata hata nafasi ya kuita. Walipomwokota alikuwa hatua sitini chini, kichwa kimepasuka kwenye jiwe la kugawia maji.

"Na eti mkono umepooza," Beatha alimwambia Sajenti Salha. "Miezi sita anatuambia wa kushoto umekufa. Mimi nimemwona mtoni anakamua blanketi kwa mkono huohuo. Aliyepooza gani huyo?"

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na ukungu ulikuwa bado haujatoka kwenye msitu wa Shengena. Salha alikuwa amepanda kutoka Same na Koplo Gideoni, saa mbili za barabara ya mawe, akashuka kwenye gari akiwa ameshika kiuno. Yeye ni mtu wa Kihurio, tambarare, kwenye mpunga. Huko nako watu wanapigania maji, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa ndiva ni nini: bwawa la kijiji, linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi kwa zamu, kila mtu na shamba lake na siku yake.

Hakuandika haraka. Alimwacha Beatha aseme mpaka mwisho, kisha akamwomba aanze tena. Mtu akirudia habari mara ya pili huwa anatia kile alichokiruka.

Safari ya pili Beatha alianzia mbali zaidi. Alisema asubuhi ile, kazi zilipokwisha kugawanywa, Raheli alipita kwanza kwenye moto kabla ya kupanda ukutani, akaamkia, akaota kidogo, halafu akalitia gunzi lake motoni.

"Gunzi gani?" Salha aliuliza.

"La mahindi. Anatembea nalo kwenye mkono wa kushoto siku nzima. Kanisani nalo, sokoni nalo, hata msibani. Tunamtania, tunamuuliza mtoto hajambo. Siku hiyo alilibandua kwa mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja, akalitupa kwenye moto. Nikamwambia ahsante kwa kuni."

Gideoni alicheka. Salha aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akaendelea na swali lingine.

Alitaka kujua nani alimweka Raheli pale ukutani. Aliuliza watu saba, mmoja mmoja, mbali na wenzao, na wote saba walimpa jibu moja: Eliufoo mwenyewe. Ndivyo kazi inavyogawanywa. Pembe ikipigwa, kila nyumba lazima itoe mtu, mgonjwa asiye na wa kumtuma anakuja mwenyewe, asipokuja analipishwa faini. Wenye nguvu wanachota tope la ukingoni, wanawake wanabeba karai, na yule asiyeweza jembe anapewa ulinzi wa kizibo. Anakaa kwenye jiwe lililo karibu na mti, anahakikisha hakuna anayeugusa mpaka mtu wa chini apande juu na kujionyesha. Kazi ya wazee na wajawazito. Eliufoo alimwita Raheli mbele ya watu wote, akamwambia, Mama Loth, kazi yako leo ni kutogusa kitu, hiyo hata wewe utaiweza. Watu walicheka. Mmoja wa wale saba alipofika hapo alitazama pembeni, akasema na yeye alicheka.

Salha alipanda ukutani. Jiwe la mlinzi lilikuwa limelainika kwa kukaliwa miaka na miaka, na mtu aliyekaa pale aliweza kuufikia mti bila kunyanyuka. Alimwambia Gideoni akae, aushike mti kwa mkono wa kushoto.

"Sasa simama. Mkono wa kulia usiuguse mti. Shika kiwiko chako cha kushoto, halafu kifundo, halafu vidole. Jitahidi kuubandua mkono wako mwenyewe, na wenyewe ukatae kuachia."

"Ukatae vipi, afande? Wangu huu."

"Ukatae tu."

Alishuka mpaka kwenye mafiga ya Beatha, hatua arobaini na tatu, akageuka. Gideoni alikuwa anahangaika juu kule, mgongo umepinda nyuma, mikono yote imekutana mbele ya kifua. Kutoka pale chini alionekana mgongo tu. Mtu angeapa kwamba anavuta mti kwa mikono miwili.

Alimwita Beatha asimame palepale na kutazama. Beatha alitazama muda mrefu. Akasema ndivyo alivyoona, vilevile.

Ijumaa, siku Raheli alipoletwa kituoni, Salha alikuwa ameona alama kwenye mkono wake wa kushoto. Mikwaruzo minne ya kucha ikipita juu ya vifundo vya vidole, na mingine miwili kwenye kiwiko, mibichi. Aliiandika kwenye fomu ya hospitali. Sasa alimwambia Gideoni kwamba mtu anayevuta mti kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kujikwaruza. Kulia kulikuwa kunapigana na kushoto. Na katika kupigana huko, mwili wote ukiegemea nyuma, kizibo kikang'oka.

"Kwa hiyo hakukusudia," Gideoni alisema.

"Sijasema hivyo."

Nyumba ya marehemu ilikuwa mteremko mmoja tu chini ya ndiva. Nakijwa, mjane wa Eliufoo, aliwakaribisha kwenye turubai la msiba, akaitikia shikamoo zao, na hakusubiri kuulizwa. Alisema anataka kamba. Alisema hataki kifungo cha maisha, hataki fidia, hataki wazee wa kanisa waje kusuluhisha. Miaka tisa mwanamke yule amepita mbele ya nyumba hii bila salamu, na miaka tisa mume wake alikuwa anamwambia amwache, ni mama aliyefiwa.

Salha aliuliza alifiwa vipi, ingawa jalada la zamani alikuwa amelisoma.

Nakijwa alikunja kitenge chake magotini. Alisema kijana, Loth, alifungua maji siku isiyo yake. Eliufoo akapiga pembe. Watu wakaja na hasira zao. Ni hivyo tu.

Njiani Gideoni alimalizia yale ambayo mjane hakuyasema. Loth alikuwa na miaka ishirini na mbili, alipigwa na watu zaidi ya thelathini, akafia njiani kabla ya kufika lami. Mama yake alifungua shauri baraza la kata, akaenda polisi, akaenda wilayani, akauza ng'ombe, akauza shamba la tangawizi. Kila mahali alijibiwa kwamba waliopiga ni wengi na haijulikani pigo la nani ndilo lililoua. Gideoni ni Mgweno wa Shighatini, na kwao huwatania Wapare wa huku, kwa hiyo alianza ule utani kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe kwa kesi ya kuku.

"Huyu hakuwa kuku," Salha alisema.

Wakateremka mpaka Same.

Daktari Yunus aliwapokea kwenye chumba chake cha hospitali ya mjini, feni inazunguka juu ya makaratasi yaliyowekewa mawe yasipeperuke. Alimkumbuka Raheli mara moja, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya kazi amewaona wagonjwa wawili tu wa namna hiyo. Alisema kwanza waondoe neno kupooza. Mkono ule una nguvu kuliko wa kulia. Unaweza kukamua blanketi, unaweza kupasua kuni. Kilichoharibika ni amri.

Aligeuza fomu akachora. Ubongo ni kama punje ya haragwe iliyomenywa, alisema, vipande viwili vimelala pamoja. Cha kulia kinaendesha mkono wa kushoto, cha kushoto kinaendesha wa kulia, na katikati pana daraja la nyuzi ambalo vipande vinapashana habari. Kiharusi cha Raheli kilikata sehemu ya mbele ya daraja. Kikaua pia kipande kidogo cha upande wa kulia, pale ndani, juu tu ya daraja, ambacho kazi yake ni kuuzuia mkono usichukue kila kitu unachokutana nacho. Wengine huupata ugonjwa huu kwa uvimbe, wengine baada ya kupasuliwa kichwa kwa ajili ya kifafa, wengine ubongo ukianza kusinyaa uzeeni. Matokeo yanafanana. Mkono unafanya mambo yake, na mwenye mkono anatazama kama anavyotazama mkono wa mgeni.

"Unashika kinachougusa au kilicho mbele yake," alisema, "na ukishashika haujui kuachia. Mwenyewe akijaribu kuubandua unakaza."

"Anaweza kuuamuru ushike kitu fulani?"

"Hawezi. Nikimwambia achukue kikombe kwa kushoto, anaweza akachukua meza. Mahakamani nitasema hivyohivyo, kwamba kilichoshika ule mti hakikuwa nia yake."

Salha aliuliza kama mtu anaweza kuigiza. Daktari alisema wapo wanaojaribu, na kuwajua ni rahisi: mwongo anauangalia mkono wake. Mwongeleshe, umshughulishe kichwa, halafu uguse kiganja. Mgonjwa wa kweli hatajua mpaka aone.

"Na mkono huo unatulizwa na nini?"

"Kitu cha kushika. Yule mgonjwa mwingine nilimwona hospitali ya rufaa akipewa fimbo, baadaye mpira. Raheli nilimwambia achague mwenyewe kitu chepesi. Akachagua gunzi. Nilimwambia asiuache mtupu hata dakika moja, hasa karibu na moto, kisu, au mtoto mchanga."

"Alielewa?"

"Alirudia maneno yangu yote. Mama yule hasahau kitu."

Nje, kwenye jua, Gideoni alisema basi kesi imekwisha, daktari ameimaliza. Salha alifungua daftari kwenye maelezo ya Beatha, akamsomea ule mstari wa gunzi. Mkono usiojua kuachia haukuliachia gunzi wenyewe. Mtu alilibandua, kidole kimoja kimoja, akalichoma, kisha akaenda kukaa karibu na mti.

"Mbwa aliyeuma haelewi kesi, Gideoni. Aliyemfungulia mlango anaelewa."

Gideoni aliuliza nani mwingine anayejua. Salha akasema Beatha amelitaja gunzi bila kujua kazi yake, na daktari ameeleza kazi yake bila kujua kwamba lilichomwa. Anayejua yote mawili ni yeye, na sasa Gideoni. Jalada lilitakiwa Moshi kwa mwanasheria wa serikali siku inayofuata, gari linaondoka saa tisa mchana. Likienda na daktari bila gunzi, Raheli analala kwake wiki ijayo. Likienda na gunzi, ni mauaji ya kukusudia, na adhabu yake inajulikana.

Jumanne saa saba na nusu Salha alimkuta Nakijwa kwenye benchi la kituo, amevaa nguo nyeusi, ameteremka kwa gari la asubuhi. Upepo wa Same ulikuwa unampiga vumbi usoni, na yeye hakuwa amejifunika. Habari zilikuwa zimemfikia. Huko juu zilipanda kabla ya magazeti, alisema, eti ni maradhi ya kichwa, eti mkono haukuwa wake.

"Kwa hiyo kamba huitaki tena, mama?"

"Kamba ya nini kwa mgonjwa." Nakijwa alitabasamu kidogo, na tabasamu lile halikuwa la msibani. "Nimekuja kumwambia nimemhurumia. Jumapili nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote. Mchango wa dawa zake nitauanzisha mimi. Kila akipita mbele ya nyumba yangu nitatoka nimshike mkono, huo mgonjwa, nimuulize umeamkaje. Mpaka afe. Yeye ambaye kwa miaka tisa alitaka mume wangu afungwe, ataishi kwa huruma yangu mimi."

Salha alimwambia asubiri.

Raheli aliletwa chumbani, akaketi na kuukalia mkono wake wa kushoto. Mwanamke wa miaka sitini, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri. Salha alimwamkia kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akamsomea haki zake: halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Raheli alisema vyumba kama hivi amevikalia mara nyingi, safari zile akiwa mlalamikaji.

Walianza na mambo mepesi. Salha aliuliza habari za tangawizi, za mvua, za barabara, na Raheli alipoanza kueleza namna ya kuchagua mbegu, alisahau, akautoa mkono kutoka chini ya paja. Mkono wa kulia ulifunga kifungo cha sweta kilichokuwa wazi. Wa kushoto ukapanda taratibu, ukakifungua. Wa kulia ukafunga. Wa kushoto ukafungua. Raheli alikuwa anaendelea kusema kwamba tangawizi haitaki maji yaliyotuama.

Gideoni alipita nyuma yake kama mtu anayekwenda dirishani, na alipoinama alikigusa kiganja chake cha kushoto kwa ufunguo wa gari. Vidole vikafunga. Raheli aliendelea na tangawizi, sentensi tatu, nne, macho kwa Salha, mpaka Gideoni alipojaribu kuuchukua ufunguo na kushindwa. Ndipo akatazama chini.

"Amekuchukulia kitu chako," alisema. "Pole, baba. Usimvute, atakaza. Ngoja mwenyewe achoke."

"Ni ufunguo wa serikali, mama."

"Huyu hajui serikali."

Gideoni alikwenda kusimama mlangoni, mikono mitupu. Salha aliandika saa na alichokiona. Kisha akaweka kalamu chini, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Mikwaruzo. Mgongo ulioonekana kutoka kwenye mafiga. Maneno ya daktari. Alisema mpaka hapo kuna mama mgonjwa aliyepewa na marehemu mwenyewe kazi ambayo mkono wake usingeiweza, na hakuna hakimu wa kumfunga.

Halafu akasema neno moja tu, gunzi.

Raheli hakushtuka. Alimtazama Salha kwa namna ya mtu aliyesubiri basi muda mrefu na sasa analiona linakuja.

Alisema aliliondoa gunzi baada ya Eliufoo na watu wake kumaliza kumcheka. Hakujua kama mkono utashika mti. Ungeweza kushika jiwe, ungeweza kushika nguo yake mwenyewe, ungeweza kulala. Alikaa karibu, akauacha mtupu, akatazama mbele. Aliposikia umeshika alijaribu kuubandua, na hilo ni kweli, mikwaruzo ni ya kweli, kwa sababu mwili uliogopa. Lakini kabla ya mwili kuogopa kulikuwa na kitambo, kama cha kusema Baba Yetu mpaka katikati, na katika kitambo hicho alikuwa anaweza kuita, Mwenyekiti toka. Hakuita.

"Daktari anasema si nia yako," Salha alisema.

"Daktari anajua mkono. Nia hakuipima."

"Mama Loth, unajua ninachoweza kuandika na ninachoweza kuacha?"

"Ninajua kuliko wewe. Miaka tisa nimeona mnachoandika na mnachoacha." Aliinama mbele, na sauti yake ikawa ndogo. "Waliponiulia Loth mlisema mikono ni mingi, hamjui ni wa nani. Leo mkono ni mmoja, umeunganishwa na bega langu, na bado mnaniambia si wangu. Basi damu ya watu wa kule juu ni ya nani? Nani anaidai, nani anailipa? Huu ni wangu. Eliufoo nimemlipa mimi. Sikubali kifo chake kipewe kiharusi."

Salha alimwambia Nakijwa yuko nje, na alichokuja kusema.

Kwa mara ya kwanza uso wa Raheli ulibadilika. Mashavu yalikaza, na mkono wa kulia ukaenda kwenye sweta, ukafunga kifungo mpaka juu. Wa kushoto haukuweza kukifungua, ulikuwa na ufunguo.

"Atanihurumia?"

"Kanisani. Jumapili."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Dereva wa Moshi alikuwa ameshawasha gari, na sauti ya injini ilikuwa inaingia dirishani pamoja na vumbi. Kwenye meza karatasi mbili zilikuwa zimelala sambamba, maelezo ya daktari na maelezo ya Beatha, na jalada lilikuwa wazi katikati.

"Mwite aingie," Raheli alisema. "Ayasikie kwangu kabla hajafungua mdomo. Kisha uyaandike, mwanangu, yote niliyosema, na hapo chini uweke jina langu. Ukiyaacha, utakuwa umenipeleka kwa yule mwanamke nikiwa hai."

Salha alitazama mlango, akatazama jalada. Gideoni alikuwa anatazama sakafu. Nje Nakijwa alisikika akimuuliza askari wa zamu kama amesahauliwa.

"Afande," Raheli alisema. "Nimekuomba."